Masasi, Loliondo au Uamsho: njia ipi ya kuwalea Wakristo waliotoka katika dini za jadi?

Mwinjilisti anayepangiwa kituo kipya mahali ambapo wazee bado wanatambika, au baraza la parokia linaloona waumini wake wakijaa kanisani Jumapili na kumwendea mganga Jumatatu, hana budi kuamua jinsi ya kuwalea watu hao katika imani. Mara nyingi uamuzi huo hufanyika bila kutajwa, kwa kufuata tu alivyofundishwa mchungaji chuoni au alivyozoea mtangulizi wake, na matokeo yake huonekana miaka ishirini baadaye, pale waliobatizwa wakiwa watoto wanapokuwa wazazi na kuwafunga watoto wao hirizi. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka 2010 uliitaja Tanzania kuwa miongoni mwa nchi nne za Afrika ambamo zaidi ya nusu ya waliohojiwa waliamini kwamba sadaka kwa wahenga au mizimu zaweza kumkinga mtu na madhara. Hiyo ni nchi ambayo makanisa na misikiti imesimama karibu kila kata.

Hatuna haja ya kukisia njia ipi ingeweza kufaa, kwa kuwa Afrika Mashariki imekwisha kuzijaribu njia kuu zote, nyingine kwa zaidi ya karne moja. Ninazilinganisha hapa tatu: ile ya Masasi, iliyoingiza Injili ndani ya jando, ile ya Loliondo, kwa Wamaasai wa kaskazini mwa Tanzania, iliyoibatiza jamii nzima pamoja na wazee wake, na ile ya Uamsho wa Kikristo wa Afrika Mashariki, iliyomtaka mtu aachane kabisa na ya kale na kuingia katika undugu mpya. Kila moja ina watu walioipenda na matunda yanayoonekana. Nitazipima zaidi kwa swali moja, ambalo naamini ndilo linalomfaa mtu aliyeko kazini: usiku mtoto anapougua homa isiyoeleweka, na bibi yake akasema kwamba mizimu imekasirika, ni nani anayeingia katika nyumba ile kwa jina la Kristo, na ana nini cha kusema na cha kufanya?

Njia zenyewe

Misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa) ilifika Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1876, ikiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Wayao, Wamakua na Wamakonde walioizunguka hawakumhesabu mtu kuwa mzima kabla hajapita jandoni au unyagoni, kwa hiyo kila msimu wa jando ulipofika vijana waliobatizwa walitoroka kwenda porini, wakarudi wakiwa wamepewa adhabu ya kutengwa na Kanisa lakini wakiwa wamepata heshima ya kijiji. Kwa kuwa Wayao wengi walikuwa wamesilimu na jando lao limekwisha kuchukua sura ya Kiislamu, jambo hilo lilikuwa pia mlango wa kuhamia dini nyingine. William Vincent Lucas, padri aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, aliona kwamba kukataza hakujasaidia kitu, akaamua Kanisa liwe na jando lake lenyewe.

Hakulibuni upya. Ngoma zilipigwa usiku kucha kama kawaida, kambi ilijengwa nje ya kijiji, wazee walifundisha heshima, uvumilivu na wajibu wa mume. Kilichoondolewa kilikuwa sadaka ya unga kwa mizimu na nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi, na mahali pake pakawekwa sala na msalaba. Wavulana waliungama na kushiriki ibada kabla ya kuingia, tohara ikafanywa kwa usafi wa kitabibu, na padri au mwalimu alikaa nao kambini. Siku ya kutoka walivaa nguo mpya zilizobarikiwa, wakapita kwanza kanisani kushukuru, ndipo wakapokewa na mama zao kwa vigelegele.

Njia ya Loliondo ni ya miaka ya baadaye na ya watu wa namna nyingine. Vincent Donovan, padri Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuta misheni yenye shule na hospitali, iliyopendwa na Wamaasai na kuwasaidia kwa mengi, lakini isiyo na Mmaasai mtu mzima aliyeishi kama Mkristo. Mwezi Mei 1966 alimwandikia askofu wake kuomba aachane na shughuli zote hizo kwa muda, aende tu maboma kwa maboma kuzungumza habari za Mungu. Alizitembelea jamii sita, kila moja kwa siku yake ya wiki, na mafundisho yalichukua kama mwaka mzima. Mwisho wa mwaka aliwaachia wenyewe waamue.

Tukio linalokumbukwa zaidi lilitokea alipotaka kuwachambua waliostahili kubatizwa na wale walioshika kidogo au waliokosa vipindi vingi. Mzee wa jamii ile alimzuia: wavivu walisaidiwa na wenye bidii, wajinga walifundishwa na wenye akili, na yeye, mzee, alikuwa tayari kusema kwa niaba yao wote kwamba wanaamini. Donovan akawabatiza wote. Upande wa pili wa uaminifu huo ni kwamba jamii ilipokataa baada ya kufundishwa, aliheshimu neno lake na kuondoka. Hata ibada ya Misa ilichukua sura ya jamii: konzi ya majani mabichi, ambayo kwa Wamaasai ni alama ya amani, ilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kama palikuwa na ugomvi ambao wahusika wamekataa kuumaliza, Misa haikufanyika siku hiyo.

Uamsho haukuwa na askofu wala mpango. Mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 moto ukaenea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Kenya na Bukoba. Watu waliokoka, kama walivyosema wenyewe, walikutana kila wiki na kuungama kwa kutaja dhambi yenyewe: nimeiba shuka hospitalini, nimemchukia mke mwenzangu, ninayo hirizi iliyozikwa mlangoni. Aliyeiba alirudisha. Kutembea nuruni kulimaanisha kwamba hakuna kona ya maisha iliyofichwa kwa ndugu, wala fedha, wala ndoa, wala alichokwenda kukitafuta kwa mganga.

Usiku wa ugonjwa

Dini ya jadi haimshiki mtu kwa mafundisho pekee. Humshika kwa sababu ina jibu la haraka. Mtoto akitetemeka, yupo wa kuulizwa, ipo sababu inayotajwa, yupo mbuzi wa kuchinjwa na mzee wa kunena maneno, na alfajiri familia nzima ina hakika kwamba imetenda linalopasa. Mkristo mpya ambaye hana cha kuweka mahali pa hayo yote, isipokuwa ahadi kwamba padri atapita kigangoni mwezi ujao, ameachwa peke yake mbele ya hofu yake, na si haki kumlaumu akirudi alikotoka.

Kwa kipimo hicho Uamsho unazishinda njia nyingine, tena kwa mbali. Ndugu walipopata habari walikwenda usiku ule ule. Waliimba, waliomba, wakauliza bila kuzunguka kama mna kitu cha mganga ndani ya nyumba, na kilipokuwepo kilitolewa mchagoni au shingoni mwa mtoto na kuteketezwa uani, mwenye nyumba akishuhudia kwa kinywa chake kwamba sasa anamtegemea Yesu. Kulipokucha kulikuwa na mtu wa kupika uji na mtu wa kubaki na watoto wengine. Nguvu ya jambo hilo haikuwa katika ukali wa maneno, kama wahubiri wengi wa leo wanavyodhani, bali katika idadi ya watu waliokuwa wamekaa chini katika chumba kile. Naongeza, kwa kuwa watoto wamekufa kwa ajili hii, kwamba ziara ya namna hiyo iendane na safari ya zahanati, na kiongozi anayewafundisha watu kwamba dawa ni upungufu wa imani amechukua dhamana ya roho zao mbele za Mungu.

Udhaifu wa Uamsho hapa ni kwamba anayeogopa huhesabiwa haraka kuwa mwenye dhambi. Yule ambaye hofu yake haijaisha, lakini ameona wenzake wakishuhudia ushindi kila juma, hujifunza kunyamaza, na hirizi inahama kutoka shingoni kwenda mahali ambapo ndugu hawatazami.

Njia ya Masasi huonekana dhaifu zaidi katika saa hii. Jando huja mara moja katika maisha, na ugonjwa hauna msimu. Kijana aliyefundishwa vizuri kambini alitoka na utu uzima wa Kikristo, lakini mwaliko wa kwenda kutambika wakati wa msiba au ukame ulimkuta miaka kumi baadaye, akiwa kichwa cha nyumba, mbali na padri wake wa jandoni. Mahali ambapo mapadri na walimu waliendelea kuwatembelea watu kwa sala na mpako wa mafuta, pengo hilo lilizibwa kwa sehemu. Mahali ambapo jando lilionekana kuwa ndiyo kazi yote, lilibaki wazi.

Habari ya Wamaasai ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa sababu ina fundisho ambalo wamisionari wenyewe hawakulitarajia. Wakati Donovan alipokuwa akizungumza na wazee kuhusu Mungu wa mataifa yote, wanawake wa Kimaasai na wa Kiparakuyo, jamii iliyo karibu na Wamaasai, walikuwa wamekwisha kuanza, tangu miaka ya 1950, kushikwa na hali waliyoiita orpeko: mwili kuwaka joto, kutetemeka, kuishiwa nguvu, kuhangaika kwa roho iliyowaingia. Laiboni, yaani mganga wa jadi wa Kimaasai, hakuweza kuiponya. Iliponywa, kwa ushuhuda wa wanawake wenyewe, kwa kufundishwa kanisani na kubatizwa, na wanaume waliokuwa wakiwakataza wake zao kwenda kanisani walilazimika kuwaruhusu. Kwa hiyo Kanisa ambalo mapadri walitaka kulijenga juu ya wazee na vijana wa kiume lilijaa wanawake. Hofu ya usiku ina mwenyewe, na mara nyingi ni mama. Njia yoyote inayoweka maneno ya imani kinywani mwa baba wa boma na kumwacha mama bila maneno itashindwa usiku ule ule wa kwanza.

Nani aliyeamua kuacha

Watu wengi hudhani kwamba tofauti kubwa kati ya njia hizi ni kiasi cha mila kinachobakizwa: Masasi imebakiza nyingi, Uamsho umefuta nyingi, na Loliondo iko katikati. Sioni kwamba kipimo hicho kinaeleza matokeo. Nchini Kenya, mwaka 1929, misheni ya Kiskoti na zile zilizoshirikiana nayo katika nchi ya Wakikuyu ziliwataka waumini na walimu waape kwa sahihi au dole gumba kwamba wameachana na ukeketaji wa wasichana, jambo lililokuja kuitwa kirore. Kwamba ukeketaji ni madhara kwa mwanamke, hilo ni kweli, na leo sheria inaupiga marufuku. Lakini sharti lilitoka juu, likawakuta watu ambao walikuwa na manung'uniko mazito kuhusu ardhi yao, na makanisa yakabaki karibu matupu katika baadhi ya vituo kwa muda mfupi. Shule huru na makanisa huru yalizaliwa katika mgogoro huo.

Miaka michache baadaye, miongoni mwa Wakikuyu hao hao, ndugu wa Uamsho waliacha mambo mengi kuliko misheni ilivyowahi kudai, na wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952 baadhi yao walikataa kula kiapo cha Mau Mau huku wakijua kwamba wangeuawa, na wengine waliuawa kweli. Waliacha kwa sababu wameamua wao, mbele ya jirani zao, na jirani hao walikuwa tayari kuwabeba. Kuvunja kulikoamriwa na ofisi ya misheni na kuvunja kulikotoka kinywani mwa mtu mwenyewe katikati ya ndugu zake ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, ingawa kwenye karatasi orodha ya yaliyoachwa inaweza kuwa ileile.

Kwa upande huu Loliondo ina heshima ya pekee. Hakuna njia nyingine kati ya hizi iliyompa asiyeamini haki kamili ya kukataa baada ya kusikia. Wazee walisikiliza, wakabishana, wakaamua. Lakini wazee wanapoamua kwa niaba ya wote, mke wa tatu wa mzee anakuwa Mkristo bila kuulizwa, na kijana asiyekubaliana hana mahali pa kusimama. Yeyote anayetaka kuifuata njia hii leo azungumze na wanawake katika kikao chao wenyewe, na mwalimu mwanamke, kabla ya siku ya uamuzi.

Masasi ilikutana na tatizo hilohilo kwa sura nyingine. Jando la wavulana lingeweza kurekebishwa kwa sababu mapadri na walimu walikuwa wanaume waliopita jandoni na wakaijua siri yake. Unyago ulikuwa mikononi mwa makungwi wanawake, na hakuna padri aliyeweza kuuingia. Kurekebisha mafunzo hayo ya wasichana kulikuwa kugumu zaidi, na hapakuwa na njia isipokuwa wanawake Wakristo wenye heshima katika mila kuamua wenyewe kipi kibaki.

Rika, ukoo na shamba la kahawa

Kabla ya kuchagua, inafaa kumsikiliza mtu wa nne, ambaye njia yake imo kati ya hizi tatu. Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na kufanya kazi kwa Wachaga, hasa Moshi ya Kale, hadi 1938, ingawa alilazimika kuondoka kwa miaka kadhaa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliandika kwa kina sheria na mafundisho ya jadi ya Wachaga, akaamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu, na kwamba usharika usiovitumia unamjenga mtu mmoja mmoja hewani. Vijana wa kipaimara aliwapanga katika vikundi vidogo vya kulindana, akiuita undugu wa ngao, ili kila mmoja awe na wenzake watakaomwajibisha maisha yote. Watu waliozoea kuchimba na kutunza mifereji ya maji pamoja hawakuhitaji kuelezwa kwamba jirani anapoanguka shamba la wote linakauka.

Jambo hilo la vikundi vidogo ni hazina, na naona ajabu kwamba sharika nyingi zinazofundisha kipaimara kwa miaka miwili huwaachia vijana kutawanyika siku ya pili baada ya karamu. Hata hivyo Gutmann aliipenda Uchaga ya jana kuliko Wachaga wa siku zake walivyoipenda. Kahawa ilikuwa imeingia. Kufikia mwaka 1925 wakulima walikuwa na chama chao cha kilimo cha kahawa, na vijana walitaka shule, Kiingereza na biashara. Mwalimu anayewataka watu wabaki walivyokuwa ili wawe Wakristo safi amewanyima jambo ambalo wao wamekwisha kulichagua. Onyo hili linawahusu pia wanaoitafuta leo Loliondo ya mwaka 1966 katika maboma yenye simu za mkononi, sola na watoto walioko sekondari.

Uamsho ulitatua suala la ukoo kwa kuunda ukoo mpya. Ndugu walisimama badala ya wajomba katika posa, wakachangia mahari, wakazika. Huko Bukoba, Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri aliyetokana na Uamsho huo na Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, 1977 hadi 1984, alitafakari kwa maandishi uhusiano kati ya udugu wa ukoo wa Kihaya na udugu wa Kanisa, na swali lake bado ni letu: je, ukoo wa zamani umeachwa nje ya wokovu, au nao unaitwa? Mkristo wa Uamsho mara nyingi alikosa mahali pa kukaa katika msiba wa baba yake ambaye hakuokoka. Aliyekaa mbali alionekana amemkana mzazi, na aliyekaribia alitazamwa kwa shaka na ndugu.

Mitala

Hapa uchaguzi wa mwalimu ni mdogo kuliko anavyodhani, kwa kuwa kanisa lake limekwisha kuamua. Mkutano wa Lambeth, yaani wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, wa mwaka 1888 ulikataza kuwabatiza wanaume wenye wake wengi. Ule wa mwaka 1988 ukaruhusu mume abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa ahadi ya kutoongeza mke, kwa ridhaa ya waumini wa mahali pale, na bila kulazimishwa kuwafukuza wake ambao wangeathirika. Kanuni ya 1148 ya Sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka abaki na mmoja, lakini inamwagiza askofu ahakikishe kwamba wanaoachwa wametunzwa ipasavyo. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu ni moja: yule mwanamke aliyeachwa atalala wapi, na watoto wake watakula nini? Mwalimu asiyeweza kulijibu asubiri na ubatizo.

Kinachobaki mwalimu akiondoka

Donovan aliondoka mwaka 1973. Jamii zilizobatizwa zilihitaji Ekaristi, na Ekaristi ilihitaji padri, na padri alihitaji seminari na useja, mambo mawili yaliyokuwa mbali na maisha ya mfugaji mwenye heshima. Wazee walioongoza sala vizuri hawakuweza kupewa daraja. Kanisa la mahali pale liliendelea kwa msaada wa makatekista na, kama ilivyokwisha kusemwa, kwa uaminifu wa wanawake, lakini si kwa sura aliyoiota. Anayeanza njia ya jamii nzima na ajue mapema ni nani atakayeendesha ibada mwaka wa tano.

Jando la Kikristo limebanwa na kalenda. Kambi iliyochukua miezi sasa hulazimika kuingia ndani ya likizo ya shule, na kinachobanwa kwanza huwa mafundisho, huku tohara na sherehe vikibaki.

Uamsho umedumu karibu karne nzima bila ofisi, jambo ambalo peke yake ni ushuhuda. Umelipa gharama yake katika sheria zinazoongezeka. Katika miaka ya 1970 nchini Uganda kundi la Wazukufu, yaani waliozinduka upya, liliwatenga hata ndugu wenzao, na miongoni mwa mambo liliyoyakataza ni kukopa fedha. Undugu ulioanza kwa kuungama mbele ya msalaba unaweza kugeuka kuwa undugu wa kukaguana, na dalili yake ya kwanza ni pale wakubwa wanapoacha kuungama na kubaki kusikiliza maungamo ya wadogo.

Ya kuchagua

Kama eneo lako lina jando na unyago vinavyoheshimiwa na kila mtu, kama ilivyo kusini mwa Tanzania, usianze kwa kukataza. Chukua Masasi, lakini usiichukue kutoka ofisini: wakutanishe kwanza wazee na makungwi waliokwisha kuamini, wakae siku nyingi kadiri wanavyohitaji, waseme wenyewe kipi ni cha mizimu, kipi ni cha aibu na kipi ni hekima ya wazee iliyo njema. Ukeketaji, palipo nao, hauna nafasi katika mazungumzo hayo. Mwaka 1996 wanawake wa Tharaka nchini Kenya walianza kuwapitisha binti zao katika mafundisho na sherehe ya kuingia utu uzima bila kisu, wakaiita tohara ya maneno, na mfano huo watosha kuonyesha kwamba heshima ya binti inaweza kutolewa na mama zake kwa njia nyingine.

Kama uko katika mji, mgodi, au mtaa wa wahamiaji ambako watu wameacha koo zao vijijini lakini wamebeba hofu zao, Masasi na Loliondo hazina mahali pa kushika, kwa maana hakuna jando wala boma. Huko undugu wa Uamsho ndio utakaofaa, kwa sharti kwamba viongozi waungame kama wengine, na kwamba muumini afundishwe jinsi ya kukaa katika msiba wa nyumbani kwao kwa upendo, akijua lipi atashiriki na lipi atakataa kwa adabu. Wakatoliki wanazo tayari Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya kuwa kipaumbele mwaka 1976. Nyingi zimegeuka kuwa mahali pa kukusanya michango na kusali rozari, ingawa zimeundwa kwa nyumba zilizo karibu kiasi cha kufikiana kwa miguu usiku. Zinahitaji tu kupewa kazi hiyo waziwazi.

Kwa maeneo ya wafugaji, na kwa jamii ndogo kama Wahadzabe ambako kumtoa mtu mmoja katika kundi ni kumwondolea chakula na ulinzi, ningeanza na Loliondo bila kusita: kusikiliza mwaka mzima, kuwaacha waamue, na kukubali wakikataa. Lakini ningebadili mambo mawili tangu wiki ya kwanza. Wanawake wangekuwa na siku yao na mwalimu wao. Na katika kila boma ningetafuta watu watatu au wanne, wake kwa waume, wa kufundishwa mapema kuliko wengine namna ya kumwombea mgonjwa, kumfariji aliyefiwa na kumsindikiza mama zahanati, ili wawe wamezoea kuitwa usiku kabla ya ubatizo wa kwanza kufanyika.